Mafua yanayoishia getini Marangu

Mgonjwa aliingia Jumatatu moja ya katikati ya Julai, saa mbili asubuhi, na hakuja kutibiwa. Alikuja kuchukua karatasi.

"Dokta, niandikie tu kwamba sina mafua," alisema kabla hata hajakaa. "Nikiipata leo, keshokutwa napanda."

Nilimwangalia. Pua kavu, macho meupe, sauti safi. Ningeweza kuandika, kupiga muhuri na kumwita anayefuata. Kilichonizuia ni faili lake. Mwezi Mei nilikuwa nimemwandikia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kwamba ana mafua ya mzio, nikampa setirizini ya wiki mbili. Sasa mtu yuleyule ananiomba niandike kwamba hana kitu. Kati ya karatasi hizo mbili, moja ingekuwa ya uongo.

Mimi ni tabibu katika zahanati ndogo hapa Moshi mjini. Wengi wanaopita kwangu ni watu wa mlimani: wagumu (wapagazi), wapishi, waongoza watalii. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa ya mwenyewe, nikiwa nimebadili mambo machache ili asitambulike.

Ni mwanamume wa miaka 41, mpishi. Amepanda Kilimanjaro kwa miaka 14, mara nyingi kwa njia ya Marangu. Alianza kama mgumu, akibeba mizigo ya wengine, kisha akaingia jikoni. Havuti sigara. Hana pumu, na kwao hakuna mwenye pumu. Kwa maneno yake, pua yake "ina bomba". Akiwa juu inamwaga maji mepesi pande zote mbili, hayana rangi wala harufu. Akishuka, bomba linafungwa.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali, maana mlimani kila mtu anapenga. Balaa lilianza mwanzoni mwa Juni, pale Kibo, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Alikuwa akiwaandalia wageni chai ya jioni na bisi, akainama kuweka sahani mezani, na tone likadondoka. Halikuingia kwenye bisi, anaapa, lilianguka pembeni. Lakini mgeni mmoja aliliona. Walipofika getini mgeni akalisema, na kiongozi wa msafara akamwambia mpishi asipande tena mpaka alete karatasi ya daktari. Tangu enzi za korona, pua inayotiririka mbele ya chakula cha watu si jambo la kuchekea, na sitamlaumu kiongozi yule. Ningekuwa mgeni, mimi pia ningeisogeza sahani.

Mpishi akakosa safari mbili za Juni. Msimu ndio umefika, ada za shule zinasubiri, na yeye yuko nyumbani akiwa na pua kavu kama karatasi.

Mfuko wa nailoni

Nikamwomba anionyeshe dawa zote alizotumia tangu Mei. Alikuwa nazo, zimefungwa kwenye mfuko mweusi. Setirizini yangu, vidonge vinne vimebaki. Piriton, ya kununua mwenyewe. Amoksilini nusu dozi, aliyopewa kwenye duka la dawa baada ya kusema ana "mafua sugu". Kopo la mafuta ya kuchua yenye mentholi, limekwisha robo tatu; alikuwa akipaka chini ya pua kila asubuhi ya safari.

Mfuko wa aina hii unasema mengi kuliko mgonjwa mwenyewe. Dawa mbili za mzio, moja ya bakteria, moja ya kuchua. Watu watatu tofauti, nikiwemo mimi, tulikuwa tumemsikia akisema "pua inachuruzika", na kila mmoja akajibu kwa dawa iliyokuwa karibu na mkono wake. Hakuna aliyemuuliza inachuruzika wapi.

Mwezi Mei, mwishoni mwa masika, alipokuja mara ya kwanza, mimi nilimuuliza inachuruzika vipi. Nyepesi au nzito? Nyepesi. Njano? Hapana. Una homa? Sina. Basi, kamasi jembamba bila homa, nikaruka moja kwa moja hadi kwenye mzio. Sikumuuliza kama pua inamuwasha, kama macho yanamlia, kama anapiga chafya mfululizo. Ningemuuliza angesema hapana mara tatu, na mzio ungeanza kuyumba palepale. Mzio wa pua bila muwasho na bila chafya unawezekana, ila mtu unatakiwa ushtuke kidogo. Foleni siku ile ilikuwa imefika nje ya mlango. Hicho si kisingizio, ndivyo ilivyokuwa.

Safari hii nikauliza upya, polepole, nikifuata ramani badala ya dalili. Getini Marangu? Kavu. Njiani kwenda Mandara, ndani ya msitu? Kavu, labda asubuhi kidogo. Mandara yenyewe, takriban mita 2,700? Usiku, akitoka nje. Horombo, mita 3,700? Hapo ndipo inapoanza kwa dhati, hasa jua likizama. Kibo, mita 4,700? Akacheka. "Kibo ni bomba la mvua, dokta."

Akiingia jikoni penye joto? Inaendelea dakika chache, kisha inakata. Akitoka tena kwenda kuchota maji? Inarudi kabla hajafika. Kushuka? Akifika Mandara amesahau kwamba ana pua.

Nikauliza pia kuhusu wenzake. Jikoni wanalala wengi, wanashiriki vikombe, wanakoholeana usoni. Katika safari nne za mwisho hakuna aliyemwambukiza wala aliyeambukizwa naye. Mafua ya virusi hayana adabu hiyo. Huanza siku moja hadi tatu baada ya kuambukizwa, humshika mtu wiki nzima au zaidi, na hayajui mpaka wa hifadhi. Mafua yanayoanza Horombo na kuishia Mandara, safari baada ya safari, bila kumpata mtu mwingine, hayo si ugonjwa wa kuambukiza. Ni habari ya mahali.

Halafu akatupia neno ambalo yeye aliliona la mzaha: "Hata supu ya pilipili inanifanya hivihivi, tangu mtoto. Mama alikuwa anasema nakula kwa pua."

Sikucheka. Niliandika.

Chumba cha nyama

Jamaa yake mmoja ana bucha lenye chumba cha baridi, chenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Zahanati yangu haina chombo cha kupulizia hewa baridi puani kama wanavyofanya watafiti, kwa hiyo tukatumia kilichopo. Nilimtuma huko akiwa na leso safi na saa. Maelekezo: kaa ndani dakika kumi, pumua kwa pua, tembeatembea, uandike tone la kwanza limekuja lini. Kisha toka, kaa juani, uandike limekata lini. Sidai kwamba hicho ni kipimo cha maabara. Lakini mtu aliyesema pua yake inajua mwinuko wa mlima alistahili kuulizwa swali hilo pale pale Moshi, kwenye mita 850 hivi, bila mlima wowote.

Alirudi saa kumi jioni na leso iliyoloa. Tone la kwanza lilikuja dakika ya nne. Lilikata dakika ya saba baada ya kutoka. Hakuna chafya, hakuna muwasho.

Nikaona pia jambo ambalo sikulitarajia. Asubuhi alikuwa na sauti safi. Jioni alikuwa akiongea kupitia puani, "m" zake zote zimegeuka "b", na alipojaribu kuvuta hewa huku mdomo umefungwa alishindwa. Pua inayochuruzika ilikuwa sasa imeziba kabisa. Nikamuuliza kama bado yuko sawa. "Niko sawa, dokta, nimesahau tu dawa yangu." Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kichupa cha matone ya pua, akakitikisa.

Hakikuwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu kwake hakikuwa dawa, kilikuwa kama mswaki. Alikinunua Juni, wiki ileile ya bisi, na sasa ni wiki ya tano anakitia mara nne hadi tano kwa siku. Asubuhi ile alikuwa ametia mlangoni kwangu ili nimkute safi. Mficha maradhi, walisema wahenga, lakini huyu alikuwa anaficha maradhi ambayo hana, na kwa kuyaficha alikuwa ametengeneza mengine.

Pua inamwaga kwa nini

Nilimweleza kwa lugha ya jikoni, na naomba nirudie hapa hivyohivyo, maana sijapata mfano bora.

Nilimuuliza: ukiona maharage yanaanza kukauka sufuriani, unafanya nini? "Naongeza maji." Unapima? "Napima nini, dokta, namimina."

Pua nayo haipimi.

Mapafu hayapokei hewa ya baridi wala kavu. Yanataka hewa yenye joto la mwili, nyuzi 37, iliyoshiba unyevu. Kazi ya kuiandaa hewa hiyo, kwa sehemu kubwa, ni ya pua. Ndani ya kila upande kuna mikunjo mitatu ya mfupa, imefunikwa na ngozi laini iliyojaa damu, kama rejeta ya gari inayofanya kazi kinyume: rejeta inapoza, pua inapasha. Hewa hupita hapo kwa muda usiofika sekunde moja, na katika muda huo inapashwa, inaloweshwa na kuchujwa vumbi. Mtu mzima aliyetulia huvuta lita 10,000 hivi za hewa kwa siku, kwa hiyo jiko hilo halizimwi.

Sasa tazama hesabu ya maji. Hewa yenye nyuzi sifuri, hata ikiwa imeshiba, haibebi zaidi ya gramu 5 za maji katika mita moja ya ujazo. Hewa iliyofika mapafuni inabeba gramu 44. Zile 39 zinazopungua lazima zitoke mwilini. Mtu anayepanda na mzigo mgongoni anaweza kuvuta lita 40 za hewa kwa dakika, yaani mita za ujazo 2.4 kwa saa. Ukizidisha unapata gramu 94 hivi za maji kila saa. Mwendo wa Horombo hadi Kibo ni wa saa sita kwa mtu asiye na haraka. Hapo tumepita nusu lita. Sehemu ya maji hayo hurudi wakati wa kutoa pumzi, na anayehema sana hupumulia mdomo, kwa hiyo si deni lote linalolipwa na pua. Lakini umeona kwa nini pua ya Horombo haiwezi kufanya kazi kwa mwendo wa pua ya Mbuyuni, huku chini Moshi. Na joto nalo: kwa kawaida hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Toka Moshi hadi Kibo, hiyo ni tofauti ya nyuzi 25.

Anayetoa amri ya kumimina ni neva. Ngozi ya ndani ya pua ina ncha za neva zinazohisi baridi na ukavu. Zikiguswa na hewa kali zinapeleka habari kwenye ubongo, na ubongo unajibu papo hapo, bila kukuuliza, kwa neva nyingine zinazoamuru tezi za pua zitoe majimaji na mishipa ya damu itanuke ilete joto. Ni mwitikio uleule wa mate kujaa mdomoni ukisikia harufu ya nyama choma. Mate hayo huwezi kuyazuia kwa kuwa na adabu, na pua vivyo hivyo. Pua ikihisi inakauka humimina zaidi ya inachohitaji, na kinachozidi kinatafuta njia ya kutoka.

Kwa kawaida ute wa pua hausogei mbele. Kuna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho vinavyousukuma nyuma kuelekea kooni, milimita 5 au 6 kwa dakika, nasi tunaumeza mchana kutwa bila kujua. Vinyweleo hivyo vikipoa vinazembea. Kwa hiyo baridi inafanya mambo mawili kwa pamoja: inafungua bomba na inamchelewesha mfagizi. Maji yanafuata mteremko, na mteremko wa pua unaishia juu ya mdomo.

La tatu mpishi alilielewa kabla sijamaliza. Nikamuuliza: ukifunua sufuria inayochemka, mfuniko unafanyaje? "Unadondosha." Pumzi inayotoka mapafuni ni mvuke wa sufuria, na ncha ya pua iliyokwisha kupigwa na upepo wa Kibo ni mfuniko. Mvuke ukigusa mahali pa baridi unageuka maji. Sehemu ya yale matone si kamasi hata kidogo, ni pumzi yake mwenyewe.

Na pilipili? Hapa ndipo neno lake la mzaha lilipokuwa na uzito. Pilipili haina moto na mentholi haina barafu. Zote mbili zinadanganya neva: ukali wa pilipili unafungua kitasa kilekile kinachofunguliwa na joto la kuunguza, na mentholi inafungua kitasa cha baridi. Mtafiti David Julius alikipata kitasa cha pilipili mwaka 1997. Cha baridi kikapatikana mwaka 2002, yeye na mtafiti mwenzake Ardem Patapoutian wakifanya kazi kila mmoja kwenye maabara yake, wote wakitumia mentholi. Mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi zao juu ya neva za joto na mguso. Mtu ambaye pua yake inatiririka kwa supu kali na pia kwa baridi, bila muwasho wala chafya, anakuonyesha kwamba tatizo halipo kwenye chavua ya mimea wala kwenye virusi. Neva zake ni nyepesi kuitika, basi. Na yale mafuta ya kuchua aliyokuwa akipaka chini ya pua kila asubuhi? Yalikuwa yakiiambia pua kwamba kuna baridi hata pale ambapo haijafika.

Niliyoyaondoa

Mzio niliuondoa kwa sababu nilizokwisha kusema, na kwa sababu setirizini haikumsaidia. Dawa hiyo inazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta muwasho na chafya za mzio. Baridi kavu inaweza kutoa histamini kidogo kwa baadhi ya watu, lakini pale ambapo amri inatoka kwa neva moja kwa moja kwenda kwenye tezi, kuzuia histamini ni kufunga dirisha wakati mlango uko wazi. Mafua ya virusi yaliondoka kwa ramani. Amoksilini haikupaswa kuwepo tangu mwanzo. Hata kamasi likigeuka njano au kijani katika mafua ya kawaida, hiyo peke yake si sababu ya antibaiotiki.

Moshi wa jiko niliufikiria. Kuni haziruhusiwi mlimani, wanapikia gesi au mafuta ya taa, na mvuke wa mafuta ya taa kwenye chumba kilichofungwa unakera pua ya yeyote. Ila angekuwa anakerwa na jiko, pua ingetiririka ndani na kukata nje. Kwake ni kinyume.

Kuna moja lililonitia wasiwasi kwa dakika kama kumi. Katika mazungumzo alitaja kwamba mwaka jana aliteleza kwenye mawe karibu na Kibo akajigonga kichwa. Maji mepesi yanayotoka puani baada ya mtu kugonga kichwa yanaweza kuwa si kamasi, yanaweza kuwa maji ya ubongo yanayovuja kupitia ufa wa mfupa. Hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali, kwani njia hiyo vijidudu wanaweza kuipita kurudi ndani. Dalili zake huwa tofauti: mara nyingi upande mmoja tu, yanatoka zaidi mtu akiinama, yana ladha ya chumvi au ya chuma kooni, mara nyingine yanakuja na maumivu ya kichwa, na hayangojei baridi. Nikamwinamisha kichwa kati ya magoti kwa dakika mbili. Hakuna kitu. Pande zote mbili, baridi tu, tangu miaka kabla ya kuanguka. Nikapumua. Lakini kama unasoma haya na pua yako inadondosha maji upande mmoja tangu ulipopata ajali ya bodaboda, usitafute skafu, nenda hospitali kubwa leo.

Kichupa cha mfuko wa shati

Hicho ndicho kilikuwa ugonjwa halisi, na tuliutengeneza sisi. Matone ya aina ile, yenye zailometazolini, hubana mishipa ya damu ndani ya pua. Nyama iliyovimba inasinyaa na njia inafunguka ndani ya dakika chache. Ni dawa nzuri kwa siku tano, hata saba. Ukipitiliza, mishipa inazoea kubanwa, na kila dawa inapoisha nguvu inatanuka zaidi ya mwanzo. Mtu anaongeza tone. Mishipa inatanuka zaidi. Nimewahi kumkuta mama mmoja wa Pasua aliyekuwa kwenye matone kwa miaka mitatu.

Kibaya zaidi, matone hayo hayakuwa na uwezo wa kumsaidia mpishi hata siku ya kwanza. Yanabana mishipa ya damu, hayazuii tezi. Ndiyo maana alikuwa na kichupa mfukoni kule bucha na bado leso ikaloa.

Tukakubaliana aachie pua upande mmoja kwanza: kulia asitie kabisa, kushoto aendelee mpaka kulia kufunguke, kisha aache na kushoto. Njia hii inavumilika kuliko kuacha zote kwa usiku mmoja, hasa kwa mtu anayelala kwenye mita 4,700 ambako hata mwenye pua nzima hapati usingizi. Nikamfundisha kusafisha pua kwa maji ya chumvi: maji yaliyochemshwa yakapoa, glasi ya mililita 250, kati ya robo na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Nilimshauri aache safari ya Jumatano, apumzike wiki. Aliniangalia kama mtu anayeambiwa auze ng'ombe wake. Sikusisitiza.

Kwa baridi yenyewe ipo dawa ya kupuliza puani, ipratropiamu, inayozuia ile amri ya neva kufika kwenye tezi. Inafanya kazi kwa watu wa aina yake. Sikumwandikia. Hakuwa anateseka, alikuwa anaonekana, na kwa hilo kitambaa kinatosha. Skafu ya shingoni iliyovutwa hadi juu ya pua inashika joto na unyevu wa pumzi inayotoka, na pumzi inayofuata inaingia ikiwa imepashwa nusu. Pua inapata kazi ndogo, inamimina kidogo. Kiboriloni, sokoni kwa mitumba, unapata ya sufu nyepesi kwa bei ya soda chache.

Karatasi

Niliandika: "Mtajwa hana ugonjwa wa kuambukiza wa njia ya hewa. Pua yake hutoa majimaji anapokuwa kwenye baridi, si ugonjwa. Anaruhusiwa kufanya kazi." Kisha nikaongeza sentensi ambayo hakuipenda: "Anapoandaa au kugawa chakula afunike pua, na anawe mikono kwa sabuni kila anapopenga."

"Dokta, umesema si ugonjwa, halafu unanifunika."

Nikamwambia si ugonjwa, lakini tone ni tone. Hata pua nzima ina bakteria wake, wengine wasiofaa kuwa kwenye supu ya mtu. Kiongozi wake alikosea kuhusu mafua na hakukosea kuhusu sahani. Aliikunja karatasi mara nne, akasema aika, asante ya Kichaga, akaondoka.

Alhamisi jioni simu ikalia. Namba yake, upepo mwingi.

"Dokta, imeanza. Tuko Horombo."

"Umevaa skafu?"

Kimya. "Iko begini."

"Kwa nini iko begini?"

"Nikifunika uso wageni wataniona mgonjwa."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Mtu huyu alikuwa akiacha pua wazi ili asionekane mgonjwa, pua ikadondosha, akaonekana mgonjwa. Nikaomba kuongea na kiongozi wake. Nilimweleza kwa dakika tatu hivi: ramani, bucha, mfuniko wa sufuria. Alisikiliza, kisha akauliza swali la mtu wa kazi: wote wakivaa, nani atajua yupi ndiye? Hilo nalo sikuwa nimeliwaza.

Asubuhi yake jikoni wote walipanda Kibo wamejifunika, mpishi na wagumu wawili wanaomsaidia, na kiongozi akawaambia wageni kwamba ndio utaratibu wa usafi wa msafara. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Alipita kwangu Jumanne iliyofuata. Upande wa kulia ulikuwa umefunguka tangu siku ya sita, wa kushoto akauacha siku hiyohiyo aliyokuja. Siku kumi baadaye alinipigia kusema analala mdomo umefungwa. Pua bado inamwaga Kibo, kama inavyotakiwa. Kilichomsumbua sasa ni kwamba skafu moja haitoshi: inaloa, na usiku wa kwenda kileleni kitambaa kilicholoa kinaganda puani kama bati. Kwa hiyo anabeba mbili, moja usoni, nyingine inakauka kando ya jiko.